Tovuti imeshuka Google: namna ya kuzisaka kurasa zisizo na kitu na kuzitibu

Tuchukue tovuti ya aina inayofahamika na kila kijana aliyemaliza chuo Tanzania. Kila siku inatangaza nafasi za kazi. Januari inaweka viungo vya matokeo ya kidato cha nne, Julai vya kidato cha sita, na katikati ya hapo inaandika majina ya walioitwa kwenye usaili. Miaka mitatu ya mwanzo wasomaji wanaongezeka. Mwaka wa nne mstari wa wasomaji unaanza kuinama kidogo kidogo, mpaka mwenye tovuti anagundua kwamba tangazo aliloliweka asubuhi halionekani Google hata jioni. Anaongeza kasi: badala ya matangazo kumi kwa siku anaweka ishirini. Hali inazidi kuwa mbaya.

Nimeanza na tovuti hii kwa sababu ndiyo aina ninayoijua kwa undani, na kwa sababu ugonjwa wake ni wa tovuti nyingi za Kiswahili: kurasa ni nyingi mno, na zinazomfaa msomaji ni chache mno. Hapo kuongeza kurasa ni kuongeza maji kwenye uji ambao tayari ni mwepesi.

Google imekuwa ikipambana na jambo hili tangu Februari 2011, ilipotoa badiliko lililokuja kuitwa Panda, ambalo liligusa karibu asilimia 12 ya utafutaji nchini Marekani. Agosti 2022 ukaja mfumo wa kupima kama maudhui yanamsaidia mtu, na Machi 2024 mfumo huo ukaunganishwa ndani ya mfumo mkuu wa kupanga matokeo. Mwezi huohuo ilitangazwa sera dhidi ya kurasa zinazozalishwa kwa wingi ili kupata nafasi kwenye utafutaji, ziwe zimeandikwa na mtu au na mashine. Kwa sehemu kubwa Google hupima ukurasa mmoja mmoja, lakini zipo pia ishara zinazoangalia tovuti nzima. Ndiyo maana kurasa 200 nzuri zinaweza kuburutwa chini na 4,000 tupu zinazoishi nazo nyumba moja.

Kwanza hakikisha ugonjwa ni huu

Nimeona watu wakifuta nusu ya tovuti kutibu kitu ambacho hakikuwepo. Kwa hiyo anza na mambo manne, yote ndani ya Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti, na hayachukui zaidi ya saa moja.

Msimu. Tovuti ya matokeo lazima ishuke Machi. Search Console inatunza takwimu za miezi 16, nafasi ya kutosha kulinganisha Machi ya mwaka huu na Machi ya mwaka jana. Usilinganishe Machi na Januari.

Adhabu ya mkono. Fungua sehemu ya hatua zilizochukuliwa na wakaguzi wa Google. Kama kuna ujumbe kwamba tovuti ina maudhui hafifu yasiyoongeza thamani, huna haja ya kuendelea kubahatisha: umeshaambiwa. Utarekebisha, kisha utaomba kukaguliwa upya hapohapo. Kama hakuna ujumbe, hakuna wa kumwomba msamaha. Mfumo utakupima upya wenyewe.

Kosa la kiufundi. Kwenye WordPress, programu ya kujengea tovuti, kuna kisanduku katika mipangilio ya usomaji kinachoziambia injini za utafutaji zisiiorodheshe tovuti. Fundi hukitia alama wakati wa kujenga, kisha husahau. Tovuti iliyoanguka ghafla kwa siku chache ikaguliwe hapo kabla ya mahali pengine popote.

Tarehe. Google hutangaza hadharani siku masasisho makuu ya mfumo wake wa kupanga matokeo yanapoanza na kumalizika. Kama anguko lako linakaa juu ya tarehe hizo, na limegusa tovuti nzima badala ya ukurasa mmoja au miwili, basi yanayofuata yanakuhusu.

Dalili: kurasa zisizoorodheshwa ni nyingi kuliko zilizoorodheshwa

Ripoti ya uorodheshaji, yaani kurasa ambazo Google imezichukua ili zionekane kwenye matokeo na ambazo haijazichukua, inaonyesha, kwa mfano, kurasa 900 ndani na 6,000 nje. Watu wengi huishika 6,000 na kuanza kutetemeka. Namba hiyo peke yake haisemi kitu. Ndani yake kuna kurasa ulizozizuia mwenyewe, zilizohamishwa, na zilizofutwa zamani, na hizo zote ziko mahali pake. Soma sababu zilizoorodheshwa chini yake.

Mbili ndizo za kukaa nazo. Ya kwanza ni ile inayosema ukurasa umegunduliwa lakini bado haujaorodheshwa. Maana yake Google inajua anwani ipo, ila haijaona haja ya kuja kuutazama. Mara nyingine seva yako ni nzito na roboti, programu ya Google inayopita kusoma kurasa, inaogopa kuilemea. Mara nyingi zaidi, kwa tovuti ndogo, roboti imeshazoea kwamba ikija haikuti kipya. Ya pili inasema ukurasa umetembelewa lakini kwa sasa haujaorodheshwa. Hii ni nzito zaidi. Google ilikuja, ikasoma, ikaondoka bila kuuchukua.

Chukua anwani 50 za kundi hili la pili na uzifungue moja moja kwa macho yako, kwenye simu, kama msomaji. Usizipitishe kwenye zana. Kwenye tovuti yetu ya ajira utaona kitu kilekile kikijirudia: kichwa cha habari, aya mbili zinazosema "karibu mpenzi msomaji, je, umekuwa ukitafuta kazi", tangazo la biashara, kisha kiungo cha PDF. Kazi yenyewe haimo. Au utakuta tangazo moja la Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, PDF moja yenye kada nyingi, limekatwakatwa: Dereva Daraja la II ukurasa wake, Afisa Hesabu Daraja la II ukurasa wake, kila mmoja na utangulizi uleule na kiungo kilekile. Hapo tatizo lako si uorodheshaji. Ziunganishe zote kwenye ukurasa mmoja wa tangazo hilo, kila kada iwe na sehemu yake: sifa, idadi ya nafasi, ngazi ya mshahara kama imetajwa, siku ya mwisho.

Niseme hapa jambo linalopotoshwa sana: ukurasa mfupi si ukurasa tupu. Ukurasa wa maneno 60 unaosema usaili wa vitendo uko wapi, siku gani, na uje na vyeti gani, umemaliza kazi yake. Ukurasa wa maneno 1,500 uliozunguka kiungo kimoja ni mtupu. Hakuna idadi ya maneno ambayo Google imeiweka kuwa kiwango, na mtu anayekuambia ufikishe maneno 1,000 anakufundisha kuongeza maji.

Dalili: kuna maelfu ya kurasa ambazo hukuziandika

Unakumbuka kuandika makala 700, lakini Google inajua anwani 5,000. Zilizobaki zilizaliwa na mfumo wenyewe. WordPress hutengeneza ukurasa kwa kila lebo, kila mwezi, kila mwandishi, na kwa miaka mingi ilitengeneza ukurasa kwa kila picha uliyopakia. Kwa tovuti mpya hilo la picha lilizimwa kuanzia toleo la 6.4, Novemba 2023, lakini tovuti ya zamani inaweza kuwa nalo hadi leo. Mwandishi anayeweka lebo kumi kwenye kila tangazo ("ajira", "ajira mpya", "ajira leo", "nafasi za kazi", "kazi mpya") anazaa kurasa kumi zenye orodha zinazofanana.

Kurasa za utafutaji wa ndani ni hatari zaidi. Wapo wanaotafuta maneno ya kamari ndani ya kisanduku chako, kisha wanasambaza viungo vya matokeo hayo, na Google inakuta tovuti yako ikitangaza kamari. Ukiona maneno ya ajabu ya lugha usizozijua kwenye ripoti, angalia hapo kwanza.

Dawa ni kuweka kwenye kurasa hizi alama ya noindex, inayoiambia Google isiuorodheshe ukurasa, na plagini (programu za nyongeza) nyingi za WordPress zinaiweka kwa kubofya mara moja. Lakini mpangilio una utaratibu wake, na hapa ndipo mafundi wengi wanapoharibu. Wanaweka noindex, halafu kwa pupa wanazifungia anwani zilezile kwenye robots.txt, faili linaloiambia roboti isiingie wapi. Roboti ikizuiwa mlangoni haiingii. Isipoingia haiioni noindex. Isipoiona, anwani inaweza kubaki kwenye matokeo bila maelezo, miezi na miezi. Weka noindex kwanza, acha mlango wazi, subiri zitoke. Kufunga kwenye robots.txt, kama kunahitajika kabisa, kuje baadaye. Wala usiandike noindex ndani ya faili la robots.txt lenyewe: Google iliacha kuitambua huko tangu Septemba 1, 2019.

Usizizime lebo zote kwa hasira. Lebo ya "ajira za ualimu" yenye utangulizi ulioandikwa na mtu, na matangazo yaliyo hai tu, inaweza kuwa ukurasa bora kuliko tangazo lolote lililomo ndani yake. Chagua lebo kumi na tano unazoweza kuzitunza. Nyingine ziondoe kabisa.

Dalili: kurasa mbili zako zinapokezana kwa swali moja

Unatafuta "matokeo kidato cha nne", leo inatokea anwani ya 2022, kesho ya 2024, keshokutwa hakuna. Kwenye ripoti ya utendaji, chuja kwa swali hilo kisha fungua orodha ya kurasa. Ukikuta kurasa nane zimegawana swali moja na hakuna hata moja iliyotulia, zinalana zenyewe.

Chanzo ni tabia ya kufungua ukurasa mpya kila mwaka, na kila wiki ya Januari: "matokeo yanatoka lini", "matokeo yametoka", "jinsi ya kuangalia matokeo", "kiungo kipya cha matokeo". Matokeo yenyewe yako kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani. Wewe huna matokeo. Ulicho nacho ni maelezo. Basi maelezo hayo yawe mahali pamoja, kwenye anwani isiyo na mwaka, inayosasishwa kila Januari. Kurasa za nyuma zihamishie huko kwa 301, yaani uhamisho wa kudumu wa anwani.

Kisha jiulize ni kitu gani mzazi au mwanafunzi anakihitaji ambacho Baraza halikukiandika kwenye ukurasa wake wa matokeo. Alama za daraja zinajumlishwaje mpaka kufikia division? Asiyeliona jina la shule yake afanye nini? Mwenye daraja la nne ana njia zipi? Ukurasa unaojibu hayo utasomwa hata Mei, wakati kurasa za "matokeo yametoka" zimeshakufa zote.

Kutumia alama ya canonical, inayoionyesha Google ukurasa upi ndio mkuu kati ya zinazofanana, badala ya 301 kunawezekana pale unapolazimika kuacha kurasa zote mbili wazi. Kumbuka tu kwamba Google huichukua canonical kama pendekezo, na inaweza kulikataa.

Dalili: kurasa zilikuwa na wasomaji, sasa hazina hata mmoja

Hili ndilo kaburi kubwa la tovuti za ajira. Tangazo lina maisha ya wiki mbili. Baada ya hapo linabaki wazi miaka, likimwambia kijana atume barua kwa nafasi iliyojazwa zamani. Mimi hili linanigusa zaidi ya takwimu: kuna mtu anatumia bando lake la mwisho kusoma tangazo la 2021, anachapisha vyeti, anakwenda posta.

Kama unatumia alama za JobPosting ili matangazo yatokee kwenye sehemu ya kazi ya Google, sheria iko wazi: kazi iliyofungwa lazima ionekane imefungwa. Unaweka validThrough yenye tarehe ya mwisho, au unaondoa alama hizo kwenye ukurasa, au unauondoa ukurasa wote kwa 404 au 410, majibu ya seva yanayosema ukurasa haupo. Kuacha tangazo lililokufa likijifanya hai kunaweza kukuletea adhabu ya mkono.

Kosa la kawaida hapa ni kuelekeza matangazo yote yaliyokufa kwenye ukurasa wa mwanzo. Linaonekana la busara, lakini msomaji aliyetafuta kazi ya uuguzi Mbeya anatupwa kwenye orodha ya kila kitu, na Google kwa kawaida hulihesabu hilo kama 404 laini, yaani ukurasa unaodai upo wakati haupo. Ukurasa usio na mrithi wa kweli uache ufe kwa 404 au 410. Tofauti kati ya hizo mbili ni ndogo. Chagua iliyo rahisi kwa fundi wako.

Ila kabla ya kuufuta, tazama mambo mawili. Kuna tovuti nyingine iliyouwekea kiungo? Search Console ina ripoti ya viungo, angalia. Na ndani yake kuna maelezo yanayoishi kuliko tangazo? Kama uliandika namna usaili wa kada ile unavyofanyika, au vyeti vinavyotakiwa na namna ya kuvithibitisha, hiyo ni dhahabu. Ihamishe kwenye ukurasa wa kudumu wa mwajiri au wa kada, halafu elekeza tangazo la zamani huko kwa 301. Hapo uhamisho una maana, kwa sababu msomaji anafika kwenye kinachofanana na alichokitafuta.

Na usifute kitu kwa kosa la uzee pekee. Agosti 2023 iliripotiwa kwamba CNET, tovuti kubwa ya habari za teknolojia ya Marekani, iliondoa maelfu ya makala za zamani kwa ajili ya nafasi kwenye utafutaji. Google ilijibu hadharani kwamba haichukii maudhui kwa kuwa ni ya zamani. Makala yako ya 2016 kuhusu kuandika barua ya maombi ya kazi inaweza kuwa ndiyo inayowabeba wenzake.

Dalili: Kiswahili kinasomeka, lakini hakuna anayekaa

Tovuti ina kurasa za Kiingereza, plagini imezaa nakala za Kiswahili kwa tafsiri ya mashine, na nusu ya tovuti ghafla ni "Kiswahili". Soma utaona "barua ya kifuniko" mahali ambapo kila mtu anasema barua ya maombi. Kutafsiri kwa wingi kwa mashine bila kuongeza thamani kunaweza kuangukia kwenye sera ile ya 2024 dhidi ya kurasa zinazozalishwa kwa wingi. Chagua kurasa 30 zinazohitajika kweli, mpe mtu anayejua lugha azihariri sentensi kwa sentensi, nyingine ziwekee noindex mpaka zipate mhariri. Kwa wasomaji wa Kiswahili hii ina uzito wake: kurasa nzuri kwa lugha yetu bado ni chache, na anayeandika vizuri hana msongamano mkubwa mbele yake.

Kuandaa orodha na kuanza kazi

Toa anwani zote kutoka ramani ya tovuti (sitemap, faili lenye orodha ya kurasa zako), ziweke kwenye Excel. Pembeni weka mibofyo na mara za kuonekana kwa miezi 12 kutoka Search Console. Ukipakua ripoti moja kwa moja utapata safu 1,000 tu. Kwa tovuti kubwa chuja kwa folda au kwa mwaka, upakue vipande vipande. Programu ya Screaming Frog itakusaidia kuzipata anwani zisizo kwenye ramani. Toleo la bure linasoma hadi 500.

Ukurasa usio na mbofyo kwa mwaka si lazima ufutwe. Ukurasa wa mawasiliano, wa sera ya faragha, wa kuripoti matangazo ya utapeli, hautafutwi Google lakini unapaswa kuwepo. Lakini tangazo, makala au lebo isiyo na mbofyo wala kuonekana kwa miezi 12 ina kesi ya kujibu. Mbele ya kila moja andika neno moja: boresha, unganisha, ficha, au ondoa. Ukikwama kati ya mawili, isome tena siku ya pili, ukijiuliza ungemtumia mdogo wako kiungo hicho kwenye WhatsApp.

Hifadhi nakala ya tovuti nzima. Anza na lebo na kurasa za picha, maana hazina historia ya kupoteza. Kisha matangazo yaliyokufa, kwa mafungu, ukiandika tarehe ya kila fungu ili baadaye ujue kipi kilileta nini. Viungo vya ndani vinavyoelekea kurasa ulizoondoa virekebishe siku hiyohiyo, na uzitoe kwenye ramani ya tovuti. Zana ya kuondoa anwani iliyo ndani ya Search Console usiitumie kama dawa: inaficha kwa miezi sita hivi, na kama ukurasa bado upo, utarudi.

Halafu subiri, na hapa ndipo wengi wanapokata tamaa. Ukurasa mmoja unaweza kutembelewa upya ndani ya siku au wiki. Tathmini ya tovuti nzima huchukua miezi, na mara nyingine mabadiliko makubwa huonekana tu baada ya sasisho kuu linalofuata, na masasisho hayo kwa mwaka huwa machache. Wakati huo angalia kundi lile la zilizotembelewa bila kuorodheshwa: kama matangazo yako mapya hayaingii tena humo, unaelekea pazuri hata kama mibofyo haijapanda.

Wakati unasubiri, fungua fomu ambayo mwandishi wako anaitumia kupandisha tangazo jipya. Ongeza sehemu ya siku ya mwisho ya maombi na uifanye ya lazima. Mwambie fundi aunganishe sehemu hiyo na validThrough, na tangazo lijifunge lenyewe usiku wa siku hiyo. Sehemu ya lebo ibadilishe iwe ya kuchagua kutoka zile kumi na tano, isiwe ya kuandika. Na juu kabisa, kabla ya kitufe cha kuchapisha, weka kisanduku kimoja kinachotakiwa kujazwa kwa mkono: "Msomaji atajua nini hapa ambacho hakimo kwenye PDF?"